Shangazi Yako Alishuka Mukamira

Gisenyi, nyumbani, baada ya alasiri

Rehema mwanangu,

Umeondoka na pikipiki nusu saa iliyopita kwenda Mahoko kumuaga shangazi yako Zaina, na mimi tangu ulipokata kona nimekaa, nimesimama, nimetoka uani, nimerudi. Nimechukua daftari lako la zamani la shule lenye kurasa tupu nyuma, nikalifunga, nikalifungua tena. Mama yako yuko jikoni anakukaangia sambaza, dagaa wa ziwa letu, za njiani. Amechungulia mlangoni, akaniona na kalamu, akacheka.

"Unaandika nini?"

"Barua ya Rehema."

"Barua? Ya mutu mwenye utakula naye leo mangaribi? Mana we! Uzee umeingia kweli."

Acha acheke. Kuna maneno ambayo nikiyaanza kwa mdomo mbele yako nitayageuza utani katikati ya safari, najijua. Kwenye karatasi angalau siwezi kujifanya nimepaliwa na kuomba maji.

Sitakuandikia habari za kukagua matairi, wala kuvaa koti ukipanda milima, wala kuwahi swala. Hayo mama yako amekuambia mpaka umechoka, na lori unalijua kuliko nilivyolijua mimi nikiwa na umri wako. Siku ile uliporudisha trela nyuma pale Rugerero, mbele ya wanaume waliokunja mikono wakingoja ukwame wapate la kusimulia, ukaliingiza kwa mara moja, mimi nilijifanya naangalia simu. Nilikuwa nalia. Sasa umejua, na usiwaambie wale wanaume.

Ninachokuandikia ni jibu. Ijumaa tulipokuwa tunakula uliniuliza swali. Ulikuwa umetoka kusaini karatasi za kampuni, ukanisomea ile ya abiria: dereva asipandishe mtu yeyote, ndani ya kabini wala juu ya mzigo, awe ndugu, awe mgonjwa, bila ruhusa ya ofisi. Ukasema siku hizi ni rahisi, kuna kamera juu ya kioo, inamtazama dereva na kiti cha pembeni kutoka hapa mpaka Dar es Salaam. Donc, yaani, ulisema, mutu hana hata haja ya kufikiri, kamera imemaliza. Halafu ukaniangalia.

"Papa, na we? Ulibebaka mutu?"

Nikakujibu, "Hapana. Sheria ni sheria." Nikaomba chumvi.

Jumatatu ukarudi kwenye mafunzo uso umekung'aa. Umewaambia wenzako darasani kwamba baba yako aliendesha malori miaka ishirini na miwili na hakuwahi kupandisha abiria hata mmoja, na mwalimu akawaambia wote wapige makofi. Ulinisimulia huku unanipigia makofi na wewe, hapo hapo sebuleni, na mama yako akapiga. Nilicheka nanyi. Kesho alfajiri utaondoka na sifa hiyo, utawasimulia madereva wa mpakani Rusumo, utawasimulia wa bandarini, na siku ukikwama mahali utajiuliza baba yangu angefanya nini, na utamuuliza mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Nilibeba watu, Rehema. Nilibeba wengi, miaka mingi. Na mmoja wao nilimwacha njiani, na huyo mmoja ndiye aliyekukaribisha chai sasa hivi.

Ngoja nikueleze tulivyokuwa tunafanya, kwa sababu usipoujua mtindo wetu hutaelewa kosa langu. Zamani zile kamera hazikuwepo. Kulikuwa na kontroleri, mkaguzi wa kampuni, mtu na daftari lake, anasimama mahali panapojulikana, anaangalia karatasi zako, anafungua mlango wa kabini, anachungulia. Wetu alikaa Mukamira, kwenye kituo cha mafuta. Basi ukiwa na mtu, kilomita moja hivi kabla ya Mukamira unasimama. Abiria anashuka. Anatembea kwa miguu, anapita katikati ya senta, pale madukani, kama mwenyeji anayetoka kununua sabuni. Wewe unafika kwa kontroleri, kabini tupu, unafungua mlango mwenyewe kabla hajaomba, unamuuliza habari za watoto. Anakuandikia, unapita. Mbele, baada ya nyumba za mwisho, mtu wako anakungoja kando ya barabara. Unampandisha, mnacheka, mnaendelea na safari.

Kila mtu alifanya hivyo. Abiria walizoea, wengine walishuka kabla hujawaambia. Hatukuona kwamba tunadanganya. Tuliona tuna akili.

Na usifikiri niliidharau ile sheria kwa kutoijua sababu yake. Mwaka wangu wa kwanza nilikuta lori limelala kwenye mteremko, limebeba viazi, na watu walikuwa wamekaa juu ya magunia. Tuliyanyanyua yale magunia moja moja, na sitakueleza tulichokuta. Nilijua kabisa kwa nini kampuni zinakataza. Ila nilikuwa na maneno yangu ya kujiambia: mimi siwaweki juu ya mzigo, mimi nawaweka kabini, mimi naendesha taratibu. Sheria ile niliona imewekwa kwa ajili ya madereva wengine. Nimekaa na madereva wengi sana, na sijamkuta hata mmoja aliyeona imewekwa kwa ajili yake.

Sasa Zaina. Wewe ulikuwa na miaka sita, umeanza shule, hukumbuki. Shangazi yako alikuwa ameolewa miaka minane bila mtoto, na maneno ya watu unayajua. Halafu akapata mimba. Ilipofika mwezi wa saba daktari wa Ruhengeri akamwambia apumzike, asibebe vitu vizito, asitembee mwendo mrefu, na arudi kuonana naye. Aliporudi kuonana naye, mimi nilikuwa napandisha mzigo kutoka Dar es Salaam. Nilimpigia simu nikiwa Kigali.

"Usipande basi," nikamwambia. "Basi itakubana. Ngojea hapo, mi nitakupitia, utalala kwenye kitanda mpaka Mahoko."

"Na kampuni, yaya?" Mimi ni mkubwa wake, ameniita yaya tangu anajifunza kusema.

"Kampuni niachie mi."

Nusu ya maneno yale ilikuwa mapenzi. Nusu nyingine, na hii naiandika kwa aibu, ni kwamba lori lilikuwa jipya. Nilikuwa nimepewa mwezi mmoja kabla, lina kitanda nyuma ya viti na pazia la buluu, na nilitaka dada yangu alione. Yeye ndiye aliyeniona naosha pikipiki za watu kule ziwani, suruali imekunjwa mpaka magotini, kabla sijashika usukani wowote. Nilitaka anione huko juu.

Na alifurahi, Wallahi alifurahi. Alilala kidogo, akaamka, akafunga pazia, akalifungua, akachungulia kama anacheza na mtoto. Akakaa kiti cha pembeni, mikono juu ya tumbo. "Yaya, huku juu hata mulima Karisimbi inaonekana fupi," akasema. Tulicheka mpaka nikapunguza mwendo.

Kabla ya Mukamira nikasimama.

"Shuka kidogo," nikasema. "Kuko kontroleri. Utapita senta, nitakukuta kule mbele."

Aliniangalia. "Ni mbali?"

"Kidogo tu. Tembea polepole."

Daktari alikuwa amesema asitembee, na Zaina ndiye aliyeniambia hivyo saa moja tu kabla. Nililisikia lile neno lake na nikalisahau palepale, kwa sababu tulikuwa tumezoea. Nimekaa na jambo hili miaka mingi, na ndilo linalonitisha kuliko yote: sikubishana na nafsi yangu hata kidogo. Mkono ulivuta breki wenyewe, mdomo ukasema shuka. Ningembishia daktari yule ana kwa ana, ningeona aibu. Lakini mazoea hayana uso wa kukuonea aibu.

Akashuka. Mkoba wake aliuacha kwenye kitanda, na ndani kulikuwa na simu yake, karatasi za hospitali, sweta, na nauli. "Nibebe ya nini, si narudi sasa hivi," akasema. Hewa ilikuwa nzito, mawingu yamelala juu ya Bigogwe.

Kontroleri wetu aliitwa Gaspard, mtu mtaratibu, hapigi kelele. Aliangalia karatasi, akachungulia kabini, akaandika. Mimi nikashika mlango nifunge. Yeye akafunga daftari lake, akazunguka upande wa pili, akapanda.

"Bon, twende," akasema. "Leo nashuka na we mpaka Gisenyi. Kuko kikao."

Nilikuwa na barua moja ya onyo tayari, ya abiria. Ya pili ilikuwa ni kuondoka kazini. Nakuambia hili ulijue, si kwa ajili ya kujitetea, maana nimejitetea nalo miaka mingi na halijanisaidia.

Tulipotoka pale mvua ikaanza. Baada ya nyumba za mwisho nikamwona Zaina chini ya mikaratusi, kitenge amejifunika kichwani. Akaliona lori. Akatabasamu, akanyoosha mkono, hakuupunga kama mtu anayeomba msaada, aliunyoosha kama mtu aliyeona chake kimefika. Mguu wangu ulikuwa umeshaachia mafuta. Gaspard alikuwa anatazama mbele. Nikakanyaga tena.

Kwenye kioo cha pembeni nilimwona mkono bado uko juu. Halafu akaushusha, akatembea hatua chache nyuma ya lori, haraka haraka, ameshika tumbo. Halafu kona.

Kutoka pale mpaka Gisenyi ni safari fupi, wewe unaijua. Mimi sijawahi kwenda safari ndefu kuliko ile. Nilijiambia sasa nitasema. Nikajiambia nikifika kwenye daraja nitasema. Nikajiambia atapanda basi, nikakumbuka nauli iko nyuma ya mgongo wangu. Gaspard alikuwa anasimulia habari za ng'ombe wa shemeji yake. Nilikuwa naitikia, yego, yego, na kila nikiitikia nilijua bado inawezekana kusimama. Tukafika Mahoko. Nikapita mbele ya nyumba ya dada yangu nikiwa na mkoba wake na yeye akiwa hayumo, na mumewe amesimama mlangoni akanipungia mkono. Nikapiga honi kumsalimia.

Gisenyi karatasi zilichelewa. Nilipoachiwa nikamwomba rafiki gari lake dogo nikarudi, nikauliza nyumba kwa nyumba. Magharibi ilikuwa imeingia nilipompata kwenye kituo cha afya. Alikuwa amengoja, hakuna gari lililosimama, akaona bora atembee apate joto, akateleza kwenye mtaro. Wanawake waliokuwa wanachimba viazi walimsikia. Waliacha viazi vyao kwenye mvua, wakawaita waume zao, wakatafuta ile machela ya kienyeji, ingobyi, wakambeba mabegani wakipokezana mpaka pale. Hawakumjua jina. Nilipofika walikuwa bado nje, wamelowa, wanangoja kusikia habari zake.

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake. Mvulana. Hakulia.

Niliingia na mkoba mkononi. Zaina akauangalia mkoba, akaniangalia mimi. Mumewe, aliyepigiwa simu na muuguzi, akaingia nyuma yangu anahema, anauliza imekuwaje, ulikuwa wapi, nani alikushusha. Mimi nikafungua mdomo. Sijui ningesema nini, nakuapia sijui. Zaina akanitangulia.

"Basi iliharibika," akasema. "Batushusha kwenye mvua."

Na mimi nikafunga mdomo. Kwenye barabara nilimpita mara moja. Pale chumbani, nimesimama karibu na kitanda chake, nilimpita tena.

Sasa utaelewa kwa nini nyumba yetu haipandi basi zile nyeupe. Umekua unasikia kwamba zinatupa watu njiani. Ulipokuwa unasoma Musanze ulikuwa unangoja hata saa mbili upate basi la kampuni nyingine, na mama yako alikuwa anakusifu kwa kukataa. Mume wa Zaina, Mungu amrehemu, alikwenda ofisini kwao kugombana, wakamwambia hawana basi lililoharibika siku ile, akawaita waongo mbele ya watu. Amekufa anawachukia. Mimi nilikuwa nakaa kwenye mazungumzo hayo, natikisa kichwa, nasema kweli, watu wale hawana huruma. Kampuni nzima ya mabasi nimeibebesha dhambi yangu, na shemeji yangu nimemzika nayo.

Zaina hakupata mimba nyingine. Kazi sikufukuzwa. Wewe ulisoma.

Kuna jambo moja zaidi, na hili hata Zaina halijui. Miaka mitatu baadaye Gaspard aliacha kazi. Tukakutana Mahoko siku ya soko, akaninunulia chai. Tukaongea habari za watu wa zamani, halafu akazungusha kikombe chake mezani.

"Ile siku ya mvua," akasema, "mi niliona ile sakoshi kwenye kitanda. Na niliona ule mwanamuke, alinyoosha mukono. Nilingojea useme."

Nikamuuliza, na sauti yangu niliisikia kwa mbali, "Na kama ningesema?"

"Ningekuandika. Kazi ni kazi. Lakini gari ingesimama, we! Mutu na mimba kwenye mvua?" Akanywa chai. "Bon, haukusema kitu. Nikajua haiko mutu wako."

Sikumwambia ni nani. Nilimshukuru kwa chai, nikaenda nyuma ya vibanda vya nguo za mitumba, nikakaa chini. Miaka yote mitatu nilikuwa nimeilaumu sheria. Nilikuwa nimesema moyoni kampuni haina roho, kontroleri hana roho, wangeniua na kazi yangu. Kumbe kilichokosekana pale ni neno moja la mdomo wangu, simama, yule ni dada yangu, halafu andika unachotaka.

Mama yako amepita tena. Ameuliza kama barua imefika mwisho au nataka aniongezee daftari. Sambaza ziko tayari, nyumba nzima inanukia. Nimetoka kuangalia barabarani kama unarudi. Bado.

Rehema, nisikilize kuhusu kamera. Uliposema mtu hana haja ya kufikiri, nilishtuka, kwa sababu na sisi tulikuwa na kitu kilichotuondolea haja ya kufikiri, kwetu ilikuwa ni ule mtindo wa kushusha na kuchukua. Kamera inaona kiti. Haioni aliye kando ya barabara. Huyo unamwona wewe peke yako, na ukimpita hakuna ofisi itakayokuuliza. Mtu anaweza kuishika sheria yote barabara, asikosee hata mstari, na bado akawa amefanya nilichofanya mimi.

Na sikuambii uvunje sheria. Nimeona yale magunia. Sikuambii uwe na huruma ya kubeba kila anayenyoosha mkono, huruma yangu mimi ndiyo iliyomtoa dada yangu kwenye basi ambalo lingemfikisha. Basi lile siku ile lilifika Mahoko salama, Rehema. Lilimtangulia.

Kuna njia ambayo mimi sikuijaribu hata mara moja katika miaka ishirini na miwili: kupiga simu ofisini na kuomba. Karatasi yako inasema bila ruhusa. Maana yake ruhusa ipo, mtu anaweza kuiomba. Sisi hatukuomba kwa sababu tulijua watakataa, na huenda wangekataa. Lakini ningeomba wakakataa, Zaina angepanda basi. Ukiona mtu ana shida, simama, ongea naye, piga simu, uwaambie nimesimama hapa, kuna mtu namna hii. Wakikataa, mwambie yule mtu kwa mdomo wako kwamba umekataliwa, mtafutie mwingine, usimwache anangoja lori ambalo halitasimama. Na wakikataa na wewe ukaona huwezi kumwacha, mpandishe mchana kweupe, mbele ya kamera, ukubali barua yao. Usimpandishe mtu ambaye huwezi kumtaja.

Nimesoma tena nilichoandika na naona kinasikika kama nimeyaelewa. Sijayaelewa. Nikikufikiria uko peke yako kwenye barabara ya Tanzania, mwanamke amesimama na mtoto mgonjwa mgongoni, na ofisi haishiki simu, sijui ufanye nini. Naogopa umwache, na naogopa umchukue. Nimekuwa nikizunguka uani na jambo hilo siku tatu.

Na sasa nimeona kingine. Nimejaza kurasa na habari ya Zaina, na sijamuuliza Zaina. Siri hii nilidhani ni yangu kwa sababu aibu ni yangu. Lakini mtoto alikuwa wake. Ngoja.

Nimerudi. Nimempigia simu nikiwa kule uani, mbali na dirisha la jikoni. Nakuandikia kama ilivyokuwa.

"Mutoto iko?" nimemuuliza.

"Iko hapa, anakula. Anasema kesho atapiga honi akipita. Nini, yaya? Sauti yako iko namna gani?"

"Zaina, nataka nimuambie."

"Umuambie nini?"

"Ya Mukamira."

Nilikusikia wewe kwa nyuma ukicheka na jirani.

"Nimeandika barua," nikasema. "Nimeandika yote. Nitamupa leo, kama unakubali."

"Barua?" akasema. "Yaya. Mi nilitembea na miguu, mimba tumboni, mvua inanipiga, na we unataka kutuma karatasi? Miaka ishirini unakuja kwangu idi na nyama, sukari, kitenge. Nakupokea. Kila mara nasema leo atasema. Unakula, unasema asante, unaenda. Mi sikuficha juu ya kazi yako. Nilificha siku moja, juu ya bwana yangu, alikuwa anatetemeka. Zile siku zingine zote ni we ulificha."

Nikasema, "Nisamehe."

"Haiko kwa simu. Kuja. Na umulete bibi yako, naye anasikia vilevile. Mi namuzuia mutoto hapa, namuambia chai ingine iko jikoni. Lakini usichelewe, mi sikungojei tena."

Akakata.

Nimemwambia mama yako azime jiko, avae, twende Mahoko. Ameniuliza kuna nini, nani amekufa. Nimemwambia nitasema tukifika, na kwa mara ya kwanza leo hajacheka. Yuko mlangoni sasa amejifunga ushungi, ananiangalia naandika, na naona ameanza kuogopa. Pikipiki mbili zimesimama nje, dereva mmoja anapiga honi. Barua nitaishika mkononi, kama mdomo ukinikatalia utaisoma wewe kwa sauti, wote watatu msikie.

Kwa hiyo tukiingia nitaanza na haya, mwanangu: usiinuke kunipokea kwa heshima kama ulivyozoea. Kaa hapo hapo ulipo, karibu na shangazi yako. Nisikilize mpaka mwisho, niulize unachotaka kuuliza, nitajibu bila kuomba chumvi wala maji. Halafu kesho ukifika kwa madereva wenzako, wakikuuliza baba yako alikuwa dereva wa namna gani, utawaambia unachokijua.

Baba yako